Sekondari ya Kutwa ya Bure, Nakuru: Tathmini ya Mzazi Aliyeweka Risiti

Nimefanya kazi ya uhasibu katika sacco moja hapa Nakuru kwa miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo imenizoesha tabia ambayo watoto wangu huicheka: situpi risiti. Ndani ya kabati la jikoni, juu ya mikebe ya majani chai, kuna bahasha ya kaki iliyoandikwa "Shule", na mengi nitakayoyasema hapa kuhusu huduma ya sekondari ya kutwa inayogharimiwa na serikali yametoka ndani ya bahasha hiyo au katika daftari za binti yangu. Yeye alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, ukiwa wa mwisho kabisa wa aina yake, akaingia kidato cha kwanza Januari 2024 na sasa amemaliza kidato cha pili. Shule yenyewe sitaitaja. Iko mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka kwetu Free Area, na siandiki haya ili kuiharibia jina, kwani sehemu kubwa ya malalamiko yangu haiihusu.

Kwanza nieleze huduma jinsi inavyotangazwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na katika sheria zetu elimu ya msingi inajumuisha sekondari. Mpango wa sekondari ya kutwa bila karo ulianza mwaka 2008 kwa mgao wa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kufikia 2018 mgao huo ulikuwa umepandishwa hadi 22,244. Fedha hizo hazipiti mkononi mwa mzazi. Huingia katika akaunti za shule kwa mafungu matatu, nusu katika muhula wa kwanza, asilimia 30 katika wa pili na asilimia 20 katika wa tatu, nazo ndizo zinazotakiwa kununua chaki na kemikali, kulipa umeme, maji, mlinzi na karani, kukarabati paa na kugharimia michezo. Mishahara ya walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, hulipwa kando. Kwenye karatasi, basi, mzazi hana zaidi ya kununua sare na kulipia chakula cha mchana.

Siku ya kusajili wanafunzi tulipanga foleni chini ya mjakaranda tangu saa moja asubuhi. Karani alikuwa ametoa meza nje ya ofisi, muhuri mkononi, na kando yake rundo la rimu za karatasi lililokuwa likipanda kadiri foleni ilivyosonga. Orodha niliyopewa ilikuwa na rimu mbili, fyekeo, ndoo, na karatasi za chooni roli kumi. Nikamwuliza kama vitu hivyo ni karo.

"Hapana, mama, karo serikali imelipa," akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara mia. "Huu ni mchango wa hiari. Lakini bila rimu siwezi kumpigia mtoto muhuri."

Sikuendelea kumhoji kuhusu hiari hiyo, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mzee aliyekuja na mjukuu wake na rimu moja tu, nami nilitaka kuona angevukaje. Alivuka. Karani aliandika kitu kwa penseli pembeni ya jina la kijana, akapiga muhuri, akaita anayefuata.

Sasa yaliyo mazuri, nayo si machache. Tangu mwaka 2018 serikali huwalipa wachapishaji na vitabu hufikishwa moja kwa moja shuleni, na wiki ya pili tu binti yangu alirudi nyumbani amelemewa na mkoba, kila kitabu kikiwa na jina lake. Mimi nilisoma Kisumu katika miaka ya tisini, enzi ya kugawana gharama, tukiwa watano kwa kitabu kimoja, na aliyekwenda nacho nyumbani usiku huo ndiye aliyefanya kazi ya ziada huku wanne wakingoja kunakili asubuhi chini ya mti. Asiyeyapitia hayo hawezi kujua ni jambo kubwa kiasi gani mtoto kulala na kitabu chake mwenyewe. Walimu nao wanafika kwa wakati na wanafundisha. Nidhamu iko, choo ni safi kuliko nilivyotarajia, na mwalimu wa darasa hupokea simu hata jioni.

Aliyenifanya nifikirie kuandika tathmini hii, hata hivyo, ni mwalimu wa kemia. Ni kijana aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Egerton hapo Njoro na bado anangoja kuajiriwa na TSC. Kwa sasa ni mwalimu wa bodi, maana yake mshahara wake unatoka mifukoni mwetu sisi wazazi. Katika kidato cha kwanza kuna mada ya asidi, besi na viashiria. Maabara haikuwa na viashiria vya dukani vya kutosha, basi akawatuma wanafunzi wachume maua mekundu ya haibiskasi kwenye ua wa shule, wakayaponda kinuni, wakatia spiriti kidogo, wakachuja kwa kitambaa, kisha wakaidondosha rangi ile katika chupa za soda zilizokatwa nusu, moja ikiwa na maji ya ndimu, nyingine maji ya majivu. Kwenye ndimu ikawa nyekundu ya kung'aa. Kwenye majivu ikageuka kijani. Binti yangu alilirudia jaribio hilo jikoni kwangu jioni hiyo, akaniharibia kinu, na kwa wiki nzima hatukuwa na mazungumzo mengine mezani.

Lakini ujanja wa maua una mpaka wake. Katika muhula wa pili wa mwaka 2025 walifika kwenye mada ya chumvi, na hapo panahitajika moto. Kuna jaribio ambalo fuwele za buluu za kopa salfeti, zile ambazo wazee waliziita mrututu, huwekwa katika neli ya kioo na kupashwa moto hadi zipoteze maji yake na kuwa unga mweupe. Ukidondosha tone la maji, buluu inarudi. Mtungi wa gesi wa maabara ulikuwa umekwisha tangu wiki ya tatu, na fedha za muhula hazikuwa zimeingia. Mwalimu aliandika ubaoni kile ambacho kingetokea, wanafunzi wakanakili. Nililiona daftari lile usiku. Katika sehemu ya matokeo, kwa Kiingereza safi, binti yangu alikuwa ameandika kwamba buluu iligeuka nyeupe, na pembeni kulikuwa na tiki nyekundu ya mwalimu. Nikamwuliza ilikuwa nyeupe ya namna gani, ya chokaa au ya sukari.

Alinyamaza kidogo. "Sikuiona, mama. Hakuna aliyeiona."

Nililala nikilifikiria daftari hilo kwa sababu lilifanana mno na jambo tunaloliogopa kazini kwetu, vitabu vya hesabu vinapolingana huku sanduku likiwa tupu. Paa likivuja kila mtu huona, na mheshimiwa fulani atakuja na mabati na wapiga picha. Somo la vitendo likikosekana hakuna kinachovuja: daftari linajaa vilevile, tiki inatiwa, silabasi inakamilika kwa tarehe yake, na mkaguzi akija atakuta kila ukurasa umeandikwa. Kwa hiyo fedha zikipungua, vitu vya aina hii ndivyo vinavyokatwa kwanza. Mwalimu mkuu hana ubaya wowote. Umeme usipolipwa unakatwa, mlinzi asipolipwa anaondoka, lakini kemia bila gesi inaendelea kufundishwa.

Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu. Alinipokea vizuri, akaagiza chai, akafungua faili bila kuombwa mara ya pili. "Keti, mama, nikuonyeshe, maana hakuna anayeuliza," alisema. Mgao wa muhula wa pili uliingia katika akaunti wiki ya tisa, katika muhula wa wiki kumi na nne, na haukuwa kamili. Asilimia 30 ya 22,244 ni shilingi 6,673 kwa mwanafunzi. Kilichofika kilikuwa pungufu, na kabla hakijafika shule ilikuwa inadaiwa na muuza kuni, muuza maharagwe na duka la vitabu. Anayekopesha shule huweka bei ya mkopo juu ya bei ya maharagwe, kwa hiyo pesa iliyochelewa hununua kidogo kuliko ingenunua kama ingefika siku ya kufungua. Hasara hiyo haionekani katika bajeti yoyote.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mgao hufuata idadi ya wanafunzi. Mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza katika sekondari za Kenya, kwa kuwa watoto ambao wangeingia chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) walikuwa Gredi ya Tisa katika sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, wakifuata mtaala mpya wa umilisi. Shule iliyokuwa na madarasa ya wanafunzi 600 hivi ikabaki na 450, na robo ya mapato ikaondoka nao. Mlinzi, hata hivyo, analinda lango lilelile. Paa ni lilelile, taa za usalama ni zilezile, karani ni yuleyule. Gharama hizo hazijui kuwa darasa moja liko tupu.

Julai ya mwaka huohuo, Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Kitaifa kwamba kwa bajeti iliyopo serikali ingemudu takriban shilingi 16,900 kwa mwanafunzi badala ya 22,244. Kulitokea kelele nyingi, na serikali ikasisitiza kwamba elimu itaendelea kuwa ya bure. Mimi nilichukua kikokotoo. Tofauti ni shilingi 5,344. Kwa shule ya wanafunzi 450, hizo ni shilingi 2,404,800 kwa mwaka, na swali la kihasibu ni moja tu: hizo milioni mbili na ushei zitatoka wapi, ikiwa shule haitafungwa?

Jibu liko katika bahasha yangu ya kaki. Kila muhula wa mwaka 2025 nimelipa shilingi 3,500 za chakula, 1,500 za walimu wa bodi na 500 za kuchapisha mitihani. Jumla ni 5,500 kwa muhula, yaani 16,500 kwa mwaka, mbali na sare na rimu. Niliitazama tarakimu hiyo kwa muda, kwa sababu inakaribia sana ile 16,900 ya waziri. Huduma inayoitwa ya bure, kumbe tunaigharimia bega kwa bega, mimi na Hazina ya Kitaifa, tofauti yetu ikiwa shilingi 400. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu karo ya masomo katika shule ya umma. Michango mingine inaruhusiwa kwa idhini ya waziri wa elimu, kwa sharti kwamba mtoto hatazuiwa kuingia shuleni kwa kushindwa kuilipa na kwamba kila senti itatolewa risiti rasmi. Kati ya risiti zangu tisa za mwaka, saba ni rasmi. Mbili ni vipande vya karatasi ya daftari vyenye sahihi.

Mimi naweza kulipa, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Kodi hukatwa katika mshahara wangu kwa kadiri ya mshahara huo, lakini mchango wa mwalimu wa bodi ni 1,500 kwangu na 1,500 kwa jirani yangu anayefua nguo za watu kwa malipo ya siku. Bunge likipunguza mgao, mzigo hautoweki. Unateremka hadi kwa mlipaji mwingine, na huko chini hakuna anayeuliza mtu anapata kiasi gani.

Mwanzoni mwa muhula wa tatu binti yangu alianza kubeba vijiko viwili. Nilidhani amepoteza kimoja na kukipata. Chakula cha mchana hutolewa kwa kadi. Kadi isiyo na muhuri wa muhula haipati sahani, na mwenzake wa dawati hakuwa na muhuri. Basi githeri ya sahani moja, ambayo kwa haki haimtoshi hata msichana mmoja wa miaka kumi na mitano, ilikuwa inaliwa na wawili nyuma ya jengo la maabara. Nilipogundua sikumkataza. Nilimwongezea chapati.

Mtu ataniambia kuna basari, na kweli zipo, za mfuko wa maendeleo ya eneobunge na nyingine. Jirani yangu alijaza fomu, akaenda kwa chifu kupigiwa muhuri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza chifu alikuwa mkutanoni, akapoteza siku mbili za kufua, na shilingi 3,000 zikafika wakati watoto wanakaribia kufunga. Siwezi kuficha kwamba ile hundi kubwa ya kadi inayobebwa na watu wanne mbele ya kamera hunikera. Ni fedha za umma zilezile ambazo zingeingia kimyakimya katika akaunti ya shule siku ya kwanza ya muhula, bila foleni na bila hotuba.

Kijana wangu mdogo yuko Gredi ya Saba katika sekondari msingi iliyo ndani ya shule ya msingi ya jirani, na hiyo nitaigusia tu kwa sababu ni mwaka mmoja tumeitumia. Mgao wake ni shilingi 15,042 kwa mwaka, walimu wake ni vijana wenye bidii, na maabara hakuna. Sayansi jumuishi inafundishwa katika darasa lililokuwa la watoto wadogo, meza zikifika magotini. Dada yangu anayefundisha Kisumu anasema kwao ni vivyo hivyo, na kwamba yeye, aliyesomea Kiswahili na dini, amepewa pia kilimo na lishe. Yeye ndiye aliyenikumbusha wale walio chini zaidi. Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, alikuwa mwalimu mpya, na darasa lake lilifika watoto 104, wengine wameketi sakafuni. Nchi nzima idadi ya wanafunzi wa msingi iliruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi takriban milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mgao wakati huo ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto. Leo ni 1,420. Ukigawa kwa siku 180 hivi za masomo, unapata chini ya shilingi 8 kwa siku, nayo mandazi moja hapa Free Area ni shilingi 10. Nani kati yetu ananunua unga kwa bei inayokaribia ile ya 2003?

Nikitoa alama, basi, lazima nitoe mara mbili. Shule naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naishikilia hadi risiti zote ziwe rasmi na ile kauli ya mchango wa hiari ifutwe kwenye orodha, au iheshimiwe. Ufadhili wake naupa nyota mbili, moja kwa vitabu na moja kwa sababu kiwango cha 22,244, kikifika chote na kwa wakati, nimeona katika faili ile kwamba kingetosha karibu kila kitu isipokuwa chakula na walimu wa bodi. Je, ningempendekezea mzazi mwingine? Ndiyo, bila kusita, hasa ukilinganisha na karo rasmi ya bweni katika shule za kitaifa ambayo ni 53,554 kwa mwaka. Ila atenge shilingi 16,500 ambazo hakuna tangazo litakalomtajia, na katika mkutano wa wazazi asimwulize mwalimu mkuu kwa nini alama za kemia zimeshuka kabla ya kumwuliza mgao uliingia tarehe gani na ulikuwa kiasi gani. Takwimu hizo ni haki yake kuzijua. Katika mkutano wetu wa mwisho tulikuwa wazazi zaidi ya mia, na aliyeuliza alikuwa mmoja. Nilitazamwa kama niliyekuja kutafuta kura.

Mtungi wa gesi ulijazwa wiki ya kumi. Mwalimu wa kemia, ambaye wakati huo alikuwa anadai mshahara wa miezi miwili, aliwaita wanafunzi Jumamosi asubuhi, siku ambayo halipwi hata katika ahadi, wakalirudia jaribio la chumvi tangu mwanzo, watano watano kwa kila kichomeo. Binti yangu alirudi saa saba mchana na ncha ya kidole cha shahada imebabuka. Nilikimbilia maji baridi, naye akawa anakiinua kidole juu nisikifikie, anacheka.

"Ni kama chokaa, mama," alisema. "Si kama sukari."